Jinsi ya Kufunga Chambo cha Mfano wa Kamba kwa Trauti wa Bahari na Samoni

Kamba anapoogelea kwa utulivu huenda mbele polepole, akisukumwa na viguu vidogo vilivyo chini ya tumbo lake; lakini akishtuka, huukunja mkia wake ghafla na kuruka kinyumenyume. Trauti, samaki wa jamii ya samoni, anapowinda karibu na ufuo humwona kamba katika hali zote mbili, na mara nyingi ile ya pili ndiyo inayomfanya afuate na kukamata. Ndiyo maana chambo cha mfano wa kamba hufungwa kinyume na vyambo vingi vya manyoya, yaani vyambo bandia vinavyofungwa kwa uzi juu ya ndoana: kichwa, macho na papasi za kamba (nyuzi ndefu za kichwani mwake) hukaa upande wa mpindo wa ndoana, nao mkia wake hukaa penye tundu linalofungiwa mshipi. Mvuvi akivuta mshipi, chambo hurudi nyuma kama anavyorudi kamba anayetoroka. Anayelielewa jambo hili ataweza kufunga chambo kinachovua hata akikosa nusu ya vifaa vitakavyotajwa hapa chini. Asiyelielewa ataishia kufunga pambo.

Maelezo haya yanahusu hasa pwani ya Denmark, nchi yenye zaidi ya kilomita 7,000 za ufuo, ambako trauti wa bahari huvuliwa na watu waliosimama majini mpaka mapajani. Trauti huyo, kwa jina la kitaalamu Salmo trutta, ni wa spishi ile ile ya trauti wa kahawia wanaopatikana katika mito ya milima ya Kenya, ambako samaki wa jamii hii walianza kupandikizwa mwaka 1905. Tofauti ni kwamba wale wa Kenya hubaki mtoni maisha yao yote, ilhali wa Denmark huzaliwa katika kijito, hushuka baharini wakiwa bado wadogo, hunenepa huko kwa kula kamba, minyoo na samaki wadogo, kisha hurudi mtoni kutaga. Tena kazi yenyewe si ngeni kwetu. Kenya ina karakana ambazo mafundi wake hufunga vyambo vya manyoya kwa ajili ya soko la Ulaya, na wengi wa mafundi hao hawajawahi kumwona samaki anayekusudiwa. Fundi aliyezoea kufuata kielelezo kilicho mbele yake, akijua kila hatua lakini si sababu yake, ndiye hasa ninayemwandikia, pamoja na Mswahili anayeishi kaskazini mwa Ulaya na kutamani kuvua kwa chambo alichokifunga mwenyewe.

Kamba anayeigwa

Katika maji ya kina kifupi ya Denmark wapo viumbe wa makundi matatu wanaomhusu mfungaji. Wa kwanza ni kamba wa nyasi za bahari, Palaemon adspersus, pamoja na ndugu yake Palaemon elegans anayependelea mawe na mwani. Mwili wao hupitisha mwanga kiasi kwamba mtu akimwinua mmoja mbele ya jua huona viungo vya ndani. Macho yao ni meusi na yametokeza juu ya vikonyo, na papasi zao ni ndefu kuliko mwili wenyewe. Mkubwa huweza kufika sentimita 6 au 7, lakini kwa chambo urefu wa sentimita 3 hadi 5, papasi zikihesabiwa, unatosha kabisa. Wa pili ni kamba wa mchanga, Crangon crangon, aliye bapa na mwenye rangi ya mchanga anamojifukia mchana ili atoke usiku. Wa tatu ni viumbe wadogo wa jamii ya misidi, ambao wataalamu hawawahesabu kuwa kamba hasa, ila mtu wa pwani yetu akiwaona wakielea makundi makundi kando ya mawe angewaita uduvi bila kusita.

Jambo la kuzingatia katika umbo la kamba wa nyasi ni kwamba sehemu kubwa ya mwili wake haionekani majini. Kinachobaki kuonekana ni macho mawili meusi, kivuli chembamba cha mwili ulionyooka, na mtikisiko wa miguu isiyotulia. Mfungaji mwenye bidii hupenda kuongeza: manyoya mengi zaidi, nyuzi nyingi zinazometameta, tabaka juu ya tabaka. Matokeo yake ni kitu kinene kisichopitisha mwanga, kinachoelea vibaya na kupinda ufito wakati wa kurusha. Vyambo vingi vinavyouzwa madukani vina kasoro hiyo, kwa kuwa chambo kilichojaa humvutia mnunuzi kuliko kilichopungukiwa, ingawa samaki si mnunuzi. Kanuni ninayoishika ni kwamba chambo kilichokwisha kufungwa, kikiinuliwa mbele ya dirisha, lazima mwanga uonekane ukipita katika miguu na pembeni mwa mwili.

Vifaa

Ndoana iwe ya maji ya chumvi, yenye shina lililonyooka na tundu lililonyooka pia, ya namba 6 kwa matumizi ya kawaida, namba 4 kwa maji yaliyochafuka au usiku, na namba 8 kwa siku za maji matulivu na meupe. Mgeni wa kazi hii akumbuke kwamba namba ikiwa kubwa ndoana huwa ndogo. Ndoana nyeusi za mtoni ni kali na ni nzuri, lakini chumvi huzila upesi.

Uzi uwe mwembamba na wenye nguvu, wa denia (kipimo cha unene wa uzi) 70 hadi 140, wa rangi ya mchanga au ya waridi iliyofifia, kwa sababu rangi ya uzi huonekana kupitia mwili ukishalowa. Mbali na huo zinahitajika singa laini za mbuzi au za mbweha wa kaskazini, unyoya mmoja mrefu wa shingo ya jogoo wenye nyuzi zisizo ngumu sana, sufu ya kusokota kwenye uzi, waya mwembamba wa shaba, ukanda wa plastiki angavu wenye upana wa milimita 4 hivi kwa ajili ya gamba, na kipande cha nailoni nene kwa ajili ya macho. Ukanda wa gamba huuzwa tayari, lakini mfuko mgumu wa plastiki ukikatwa vizuri hufanya kazi ile ile. Kuhusu sufu, ile iliyochanganywa na nyuzi chache zinazong'aa inafaa kuliko iliyo laini tupu, kwa kuwa nyuzi ngumu kidogo huzuia mwili usishikamane na kuwa donge unapolowa.

Zana ni zile zile za kila mfungaji: jiliwa ndogo ya mezani, kishikio cha bobini, mkasi wenye ncha kali, koleo ndogo ya kushikia unyoya, na sindano. Vanishi au gundi angavu inahitajika mwishoni. Wenye tochi ya miale ya urujuanimno hutumia rezini inayoganda kwa mwanga, ambayo huokoa muda.

Macho

Macho hutengenezwa kwanza, tena mengi kwa mkupuo mmoja, kwa sababu kuyatengeneza mawili mawili katikati ya kazi huvuruga mtiririko. Chukua nailoni yenye unene wa milimita 0.8 hivi, uikate vipande vya sentimita 3. Shika kipande kwa koleo, kisha sogeza ncha yake pembeni mwa mwali wa mshumaa au kiberiti cha gesi bila kuiingiza ndani ya mwali. Nailoni itayeyuka na kurudi nyuma ikijikusanya kuwa tone la duara. Izungushe taratibu wakati tone linapokua, ili lisining'inie upande mmoja, na uiondoe kabla haijashika moto. Ikishika, ipulize mara moja, ingawa tone lililoungua kidogo huwa jeusi na wala si hasara. Fanya kazi hii dirisha likiwa wazi, kwa maana moshi wa nailoni si wa kuvutwa.

Tone likipoa, lichovye katika rangi nyeusi ya kucha au vanishi nyeusi, ukachomeke kipande kwenye sifongo mpaka kikauke, kisha ongeza tabaka moja la vanishi angavu. Kipenyo cha milimita 2 kinatosha kwa ndoana namba 6. Wafungaji wengi huyafanya macho makubwa mno. Ni kweli kwamba jicho ni alama ambayo trauti huitambua, na chambo kisicho na macho hufanya vibaya kuliko kilicho nayo, lakini jicho likizidi kichwa linakuwa uzito usio na maana.

Kufunga

Weka ndoana kwenye jiliwa na ubane kwa koleo kijino chake, kile kinachozuia ndoana isichomoke, ikiwa bado tupu, si baada ya kumaliza. Ndoana ikivunjika wakati wa kubanwa, afadhali ivunjike kabla ya kazi. Anza uzi nyuma tu ya tundu, uuzungushe kwa mizunguko iliyokaribiana mpaka mwanzo wa mpindo, kisha teremka kidogo ndani ya mpindo, mizunguko 4 au 5. Mteremko huo mdogo ndio utakaokifanya kichwa cha kamba kiiname chini na mgongo uonekane umejikunja.

Hapo mpindoni funga papasi mbili. Singa ndefu za mkia wa mnyama, nyuzi za plastiki zinazometa, au vijiti vyembamba vya mpira vyote vinafaa. Urefu wake uwe mara moja na nusu ya ndoana, usizidi mara mbili, kwani papasi ndefu mno hujiviringa kwenye mpindo kila unaporusha. Juu ya papasi weka kishungi kidogo cha singa za mbuzi au mbweha, chenye urefu unaolingana na shina la ndoana. Kiasi chake ndicho kinachowashinda wengi. Chukua singa unazodhani zinatosha, uzigawe mara mbili, utupe nusu. Kabla ya kuzifunga, zichane kwa sindano uondoe manyoya mafupi ya chini, ambayo hujaza nafasi bila kutikisika.

Sasa sokota sufu kidogo kwenye uzi na utengeneze kidonge kimoja kidogo mbele ya kishungi, upande wa tundu, kisha kisukume nyuma kwa ukucha. Kidonge hicho huzitanua singa, zikakaa kama miguu ya mbele ya kamba iliyonyooshwa badala ya kulala pamoja. Funga macho mara tu baada ya kidonge, moja kila upande, yakielekea nyuma na nje, na matone yake yakivuka mpindo kwa milimita 4 au 5. Zungusha uzi kwa mfano wa namba nane kati ya macho, tia tone la gundi, na usubiri likauke. Macho yasiposhikiliwa vizuri hapa, yatageuka siku ya kwanza yatakapogusana na jiwe.

Hatua inayofuata ni ya mpangilio, na mpangilio ukikosewa itabidi kufungua kila kitu. Hapo hapo karibu na macho, funga kwanza waya wa shaba, kisha ukanda wa gamba, kisha unyoya wa jogoo kwa ncha yake. Vyote vitatu vining'inie nyuma kuelekea kichwani mwa kamba, vikisubiri zamu. Unyoya hushikwa kwa ncha, wala si kwa shina, kwa sababu nyuzi za nchani ni fupi na zinafaa karibu na macho ambapo pana mengi tayari. Ila wapo wanaofanya kinyume kwa kutaka miguu mirefu zaidi kifuani, na hoja yao ina uzito, kwani miguu mirefu ya kamba kweli iko kifuani. Mimi hufunga kwa ncha na kuacha kishungi kifanye kazi ya miguu mirefu.

Sokota sufu kwenye uzi na uanze mwili. Theluthi ya kwanza kutoka machoni ni kifua, nayo iwe nene. Kutoka hapo mwili upungue unene hatua kwa hatua mpaka nyuma ya tundu, uishe ukiwa mwembamba kama mkia wa kamba. Mafundi waliozoea vyambo vya mtoni huwa na mazoea ya kuufanya mwili unenepe kuelekea tundu, kwa kuwa huko ndiko kichwa cha mdudu kinakokaa. Kwa kamba mambo yamegeuka, na mkono uliozoea hukataa mwanzoni. Acha nafasi ya milimita 3 nyuma ya tundu. Bila nafasi hiyo, gamba na fundo la mwisho vitaziba mahali pa kupitishia mshipi.

Shika unyoya kwa koleo na uuzungushe kuelekea tundu, mizunguko miwili ya karibu karibu kifuani, kisha mitatu au minne iliyoachana. Ukifika mbele, ufunge na ukate uliobaki. Nyuzi za unyoya zilizosimama juu ya mgongo zikatwe kwa mkasi, au zigawanywe pande mbili kwa vidole, ili zibaki zile zinazoelekea chini na pembeni. Vuta ukanda wa gamba juu ya mgongo, ukipita katikati ya macho, uukaze kiasi, na uufunge nyuma ya tundu kwa mizunguko 3 tu kwanza. Halafu chukua waya na uuzungushe juu ya gamba na mwili kuelekea tundu, ukielekea upande ulio kinyume na ule wa unyoya. Kwa njia hiyo waya hupita juu ya uti wa unyoya na kuukandamiza, hivyo jino la trauti likiukata mahali pamoja, unyoya wote hauachii. Tumia sindano kutenganisha nyuzi za unyoya kila mzunguko, la sivyo waya utazilaza na miguu itakufa. Mizunguko 5 au 6 inatosha kuonyesha pingili za tumbo.

Funga waya, uuzungushe mpaka ukatike wenyewe badala ya kuuharibu mkasi, na ukaze gamba kwa mizunguko mingine. Usilikate gamba sambamba na uzi. Acha kipande cha milimita 3 au 4 kivuke juu ya tundu, ukipasue katikati kwa ncha ya mkasi, na hapo kamba amepata mkia uliochanua. Maliza kwa fundo la kumalizia la mizunguko 5, tia vanishi, kisha weka tone la rezini au gundi angavu juu ya kifua peke yake. Mwisho, chukua sindano uichokoe sufu ya tumboni itoke nje ichanganyike na nyuzi za unyoya. Hatua hii ya nusu dakika hurukwa mara nyingi, ilhali ndiyo inayotofautisha chambo chenye uhai na kile kinachofanana na kidonge cha rangi.

Rangi na uzito

Kamba aliye hai katika maji ya Denmark hana rangi ya waridi. Hiyo ni rangi ya kamba aliyepikwa. Hata hivyo, kuanzia Januari hadi Machi, maji yanapokuwa baridi, chambo cha waridi kilichofifia huvua vizuri kuliko vya rangi halisi, na chambo maarufu cha Denmark kiitwacho Pattegrisen, kilichobuniwa na Claus Eriksen, kimejijengea jina lake kwa rangi hiyo. Sababu ninayoiona kuwa ya busara ni kwamba samaki aliyepoa ni mzito wa kusogea, hivyo chambo kinachoonekana kutoka mbali na kuvutwa polepole humpa muda wa kuamua. Maji yakipata joto mwezi wa Aprili na Mei, na kamba wakirudi kutoka kwenye kina walikokuwa wakati wa baridi, badilisha uende kwenye rangi ya mchanga, kijivu na zeituni hafifu, gamba angavu, bila mmeto mwingi. Usiku wa kiangazi tumia cheusi. Trauti huwa chini akimtazama kamba aliye juu yake, na anga ya usiku wa kaskazini haiwi giza tororo, kwa hiyo umbo jeusi dhidi ya mwanga huo huonekana wazi kuliko rangi yoyote nyingine.

Uzito ni suala la kuamua kabla ya kuanza, kwa kuwa huingia chini ya mwili. Sehemu kubwa ya uvuvi huu hufanyika katika kina cha mita moja au mbili, na chambo kisicho na uzito wowote zaidi ya ndoana yake huelea juu ya nyasi badala ya kunaswa ndani yake. Kwa maji ya kina zaidi, au penye mkondo, zungusha waya mzito usio wa risasi kwenye nusu ya shina iliyo karibu na tundu, au funga jozi ya vishanga vya mnyororo wa chuma juu ya shina, nyuma kidogo ya tundu. Vishanga hivyo hukigeuza chambo, ncha ya ndoana ikawa juu, na hivyo hakinasi mwani kirahisi. Lakini ukivitumia, gamba lifungwe upande wa ncha ya ndoana, kwa sababu huo ndio utakaokuwa mgongo. Risasi iachwe kabisa: Denmark hairuhusu kuuzwa kwa vifaa vya uvuvi vyenye risasi. Jaribu chambo katika beseni la maji kabla ya kufunga cha pili. Kikizama kwa kichwa, uzito uko nyuma mno. Kikilala upande, macho hayako sawa au unyoya umekatwa zaidi upande mmoja.

Kwa samoni

Samoni wa Atlantiki anayeingia mtoni huacha kula, lakini haachi kushambulia, na vyambo vya mfano wa kamba ni miongoni mwa vile vinavyomchokoza zaidi. Chambo kiitwacho General Practitioner, kilichobuniwa na kanali Mwingereza Esmond Drury mwaka 1953 kwa ajili ya mito ambamo kamba halisi alikuwa amekatazwa kutumika kama chambo, kinafuata utaratibu ule ule wa kuweka papasi na macho mpindoni. Kwa samoni anayevuliwa karibu na mlango wa mto, ongeza urefu wa kishungi mpaka mara mbili ya ndoana, tumia rangi ya machungwa iliyokolea au nyekundu, na upunguze sufu ya mwili, kwa maana mkondo ndio utakaofanya kazi ya kuvichezesha vitu virefu.

Kwenye Pasifiki mambo ni tofauti kidogo. Katika Puget Sound, jimbo la Washington nchini Marekani, samoni wa aina ya koho hula viumbe wadogo wa jamii ya kamba wakiwa bado baharini, na samoni wa waridi hupita karibu na fuo hizo kwa wingi katika miaka isiyogawanyika kwa mbili. Kwa hao, chambo cha waridi kilichokolea cha namba 6 au 8, chenye macho, papasi fupi na kishungi chembamba bila gamba, kinatosha. Samaki hao hawahitaji ufundi mwingi wa mfungaji kama trauti wa Denmark.

Kukitumia

Tafuta mahali ambapo sakafu ya bahari imechanganyika madoa ya mchanga, mawe na nyasi. Wavuvi wa Denmark huiita sakafu ya chui, nao huiona kutoka ufuoni kwa kuvaa miwani inayokata mng'ao wa maji. Kamba hukaa kwenye kingo za madoa hayo. Wakati wa baridi, hata hivyo, nenda kwenye mahori ya ndani yenye maji ya chumvi kidogo, kama Roskilde Fjord au Mariager Fjord, kwa kuwa mwili wa trauti hupata taabu kusawazisha chumvi katika maji yaliyo baridi na yenye chumvi nyingi kwa pamoja, na samaki wasiotaga hukimbilia huko.

Funga chambo kwa fundo la kitanzi, ili kiwe huru kuchezacheza, kwenye nailoni ya milimita 0.25 hadi 0.28. Rusha, subiri kizame kidogo, kisha vuta kwa mivuto mifupi ya sentimita 10 hivi, ukiacha kituo kati ya mivuto. Katika kituo ndipo singa hutanuka na miguu kutikisika, na ndipo trauti mara nyingi hukamata. Kila baada ya mivuto kadhaa, vuta mara mbili kwa haraka. Huyo ni kamba aliyeshtuka. Maji yakiwa chini ya nyuzi 5 za Selsiasi, punguza kasi mpaka uchoke kwa kungoja, halafu punguza tena.

Mvuvi anayevua Denmark, aliyetimiza miaka 18 na ambaye hajafikia umri wa pensheni, anahitaji kibali cha uvuvi cha serikali, na trauti wa bahari aliye chini ya sentimita 40 lazima arudishwe majini. Kuanzia tarehe 16 Novemba hadi 15 Januari, trauti aliyebadilika rangi kwa ajili ya kutaga haruhusiwi kuchukuliwa baharini, na kwenye milango ya mito kuna maeneo yaliyohifadhiwa ambayo mvuvi anapaswa kuyajua kabla ya kuingia majini. Kijino kilichobanwa tangu mwanzo hufanya kazi ya kumwachilia samaki iwe ya sekunde chache.

Ukirudi nyumbani, suuza vyambo vyote vilivyolowa kwa maji baridi ya bomba na uvianike wazi usiku kucha. Ukivifungia kwenye kisanduku vikiwa na chumvi, kutu ya kimoja huenea kwa vingine. Ndoana iliyoanza kuchubuka karibu na ncha haifai kunolewa tena. Ikate uzi kwa wembe, ukiyatoa macho ya nailoni na vishanga taratibu, kwani hivyo vinaweza kufungwa upya kwenye ndoana nyingine.